Wimbo Uliobaki Mlangoni

Mwezi uliopita mama mdogo alishikwa na mafua, yale ya baridi ya Mbeya yanayoshuka hadi kifuani. Akaniambia nimchemshie majani ya mkaratusi ajifukize. Nilichuma, nikachemsha, nikamwekea sufuria miguuni na kumfunika blanketi, lakini mvuke ulipoanza kupanda nikatoka nje na kukaa kwenye ngazi mpaka alipomaliza. Aliniuliza kwa nini nilimkimbia. Nikasema moshi uliniingia machoni. Hakukuwa na moshi. Siku hizi tunapikia gesi.

Wiki hiyo hiyo alipigiwa simu kutoka Iringa, akaambiwa Mzee Luvanda amefariki. Mama mdogo alisema pole pale kwenye simu, akaiweka chini, akaendelea kuchambua mchele. Kwake alikuwa mzee mmoja wa kijiji alikoolewa dada yake. Mimi nilishindwa kula.

Mimi si mtu wa maneno, na shule yangu iliishia darasa la saba. Haya nimeyaandika kwa siku nyingi, kibandani, kipande kwa kipande, wateja wakipungua. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokua wakati nyimbo zikihama kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye sidii, kutoka kwenye sidii kwenda kwenye memori kadi, wala hatukujua kwamba kuna nyimbo ambazo hazikuhamia kokote.

Kijiji chetu kipo Iringa, juu kidogo ya barabara kuu iendayo Mbeya, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukaa hadi saa nne na shati lililofuliwa huchukua siku mbili kukauka. Wakati huo walikuwepo watunzi wawili wa nyimbo za msiba, na kila nyumba iliwajua. Mmoja alikuwa Mzee Luvanda, Mhehe wa palepale kwetu, aliyepiga ligombo. Ligombo ni ubao mrefu uliochongwa kwa ndani kama sinia, juu yake umepitishwa uzi mara nyingi, na chini kuna kibuyu kinachoikuza sauti. Wa pili alikuwa Mwalimu Asukile wa Mbalizi, mwalimu wa kwaya, aliyetembea na kinanda, betri ya gari, na wasichana wawili wa kuitikia.

Watu walipenda kuwalinganisha. Kwenye vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, sokoni, hata baada ya ibada, usingekosa wawili wanaobishana nani ni mtunzi zaidi. Mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa na maoni yangu, lakini sikuyatoa. Nilimpenda Mwalimu Asukile na nilimwogopa Mzee Luvanda, na sababu yangu haikuwa ya muziki.

Mwalimu Asukile alikuja mtu akishakufa. Aliitwa kwa simu, akafika na gari lake, akatoa kidaftari na kuwauliza wafiwa mambo matatu: jina la marehemu, jina la mtoto wa kwanza, na alisali wapi. Basi. Akishaandika, alikuwa tayari. Wimbo ulikuwa ni uleule aliouimba wiki iliyopita kijiji cha pili, lakini jina liliingia mahali pake, na ulipoimbwa uliona kama umetungwa kwa ajili ya mtu huyo peke yake. Ulikuwa kama sweta zuri la mtumba linalomkaa kila anayelivaa. Ukiusikia ubeti wa kwanza, wa pili tayari unaitikia. Hata sisi watoto tuliuimba njiani tukitoka shule, tukiweka majina ya walimu wetu tusiowapenda.

Mzee Luvanda alikuja kabla. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na namna yake. Akisikia kwamba mtu fulani amelala na hatainuka, alikwenda kwake kwa miguu, mikono mitupu, bila ligombo. Alivua buti zake za mvua mlangoni na kuzigeuza zikatazama barabarani. Akaingia, akaketi upande wa miguu ya mgonjwa, akauliza maswali. Hakuuliza kuhusu ugonjwa. Swali la kwanza lilikuwa moja siku zote: "Asubuhi ukiamka, mkono wako unashika nini kwanza?"

Nililisikia mwenyewe kwa Bibi Semeni, jirani yetu, nilipotumwa kupeleka maziwa. Bibi Semeni akasema kwamba mkono wake hushika ule upande wa pili wa kitanda. Mumewe alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Mzee Luvanda hakutikisa kichwa wala hakusema pole. Aliuliza tu, "Na ukikuta hakuna mtu?" Bibi Semeni akacheka, akasema, "Namtukana kidogo, halafu naamka."

Siku ya kumaliza msiba wake, lile tusi dogo la asubuhi lilikuwa ndani ya wimbo. Watu walicheka, na wakiwa katikati ya kicheko chao nikaona nyuso zinabadilika. Kwa Mzee Kibiki, mgema wa ulanzi, mkono ulishika kisu chini ya godoro kuona kama makali bado yapo. Kwa baba yake Tekla, rafiki yangu, ulishika redio. Kila mtu alikuwa na wimbo wake, na wimbo huo Mzee Luvanda aliuimba mara mbili tu, siku ya mazishi na siku ya kumaliza msiba. Baada ya hapo alisema ni mali ya nyumba ile. Ukimwomba auimbe mahali pengine alikukatalia.

Sasa fikiria unavyoonekana mpangilio huo kwa mtoto wa darasa la tatu. Mwalimu Asukile anakuja kwa waliokufa, hana madhara. Mzee Luvanda anakuja kwa walio hai, na wakishamjibu maswali yake wanakufa. Nilihesabu kwa vidole. Mzee Kibiki, Bibi Semeni, baba yake Tekla. Hakuna hata mmoja aliyepona. Tekla ndiye aliyenieleza waziwazi, tukiwa tunachota maji.

"Akigeuza buti zake mlangoni kwenu, basi," alisema.

"Basi nini?"

"Basi mwambieni fundi apime mbao."

"Muongo wewe."

"Kwetu alikuja Jumatano. Baba alikuwa anakula vizuri tu, uji anamaliza. Jumamosi akafa. Anawanyonya maneno, unaelewa? Ukiisha maneno unakufa."

Tekla hakuwa anatania. Aliinua ndoo yake akaondoka, na maji hayakumwagika hata kidogo.

Mama yangu hakuwa wa Iringa. Alikuwa Mnyakyusa, alikutana na baba wakati baba anafanya kazi ya kupasua mbao upande wa Mbeya. Kihehe chake kilichekwa kisimani mpaka akaacha kukisema, akawa anaongea Kiswahili na kila mtu, hata na Bibi, mama yake baba. Mimi nililala na Mama kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa changu upande wa miguu yake, kwa sababu baba alikuwa anakaa kambini kwenye misitu ya mipaini na kurudi mwisho wa mwezi.

Mama alipoanza kukohoa, Bibi alisema ni baridi. Akachemshiwa mkaratusi. Kila jioni nyumba ilijaa mvuke ule mkali, na chini ya blanketi Mama alionekana kama mtu aliyejificha kwa mchezo. Nilikuwa nasubiri ajifunue na kunishtua. Alijifunua, uso umelowa, amechoka. Baadaye akarudishwa kutoka hospitali na karatasi ambazo baba alizisoma akiwa amesimama, kisha akazikunja zikawa ndogo sana. Tangu siku hiyo nikahamishiwa kitanda cha Bibi. Nakumbuka kwamba kule kwa Bibi miguu yangu haikupata joto.

Siku moja nilikuwa uani nikipukuchua mahindi kwenye gunzi, nikamsikia Mama dirishani akimwambia Bibi, "Mama, naomba mmwite Mzee Luvanda."

Bibi alimfunika blanketi vizuri. Akasema, "Bado mapema."

"Si mapema. Nataka na mimi niimbwe. Nimekaa hapa miaka yote, watu hawajui hata nilikuwa nafikiri nini."

"Nitamtumia salamu."

Niliacha mahindi. Katika akili yangu ya wakati ule, Mama alikuwa amechoka na sisi na ameomba kufa. Na Bibi amekubali. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Niliamua tu kwamba Mzee Luvanda hataingia.

Alikuja siku ya tatu, saa ya mchana, Bibi yuko shambani akichimba viazi. Niliachwa nyumbani nimwangalie Mama, na badala ya kukaa ndani nilikaa kizingitini. Nilimwona tangu alipotokea kwenye kona ya mianzi, mrefu, amevaa koti la mvua ingawa mvua ilikuwa imekatika. Alikuwa anavuma kitu kwa pua, polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Nilipomsikia nikasimama.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, babu."

"Mama yuko ndani?"

"Hayupo."

Alikuwa ameshaanza kuinama kuvua buti. Moja ilikuwa imetoka. Akabaki amesimama na soksi moja juu ya udongo wenye unyevu.

"Hayupo?"

"Amekwenda Mbeya. Kwa mama mdogo, Mwanjelwa."

"Lini?"

"Jana."

Mama akakohoa. Kilikuwa kile kikohozi kirefu kinachoanza kama kusafisha koo na kuendelea mpaka unajiuliza kama hewa itarudi. Sisi wawili tulikisikiliza mpaka kikaisha. Mzee Luvanda hakutazama dirishani. Alinitazama mimi, nami nikatazama soksi yake, ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye kidole gumba.

"Haya," alisema. "Basi nisaidie wewe. Mama yako akiamka asubuhi, mkono wake unashika nini kwanza?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, babu."

Akavaa buti yake taratibu, akishika ukuta. "Haya, mjukuu wangu. Mwambie nilipita."

Akarudi alikotoka. Safari hii hakuwa anavuma.

"Nani huyo?" Mama aliuliza kutoka ndani, sauti imekauka.

"Mtoto wa jirani. Alikuja kuomba moto."

Kesho yake akaniuliza, "Leo hakupita mtu?" Nikasema hakupita. Keshokutwa akauliza tena. Siku iliyofuata hakuniuliza mimi, alimwambia Bibi, na mimi nilikuwa palepale nimeshika kikombe. "Labda kwa kuwa mimi si wa huku," alisema. Bibi akamkemea aache maneno hayo, akasema Mzee Luvanda ana miguu mizito siku hizi, Jumapili atamfuata mwenyewe hadi kwake baada ya ibada. Mama akaitikia. Mimi nikafurahi kwamba Jumapili iko mbali.

Mama hakuifikia Jumapili. Alikufa Ijumaa asubuhi, na hakuna aliyekuwa amemnyonya neno hata moja.

Ndugu zake walikuja kutoka Mbeya na Mwalimu Asukile akaja nao. Aliandika kwenye kidaftari chake: jina, mtoto wa kwanza, alisali wapi. Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi, na wa pekee. Alipoimba jina langu kwenye wimbo, watu wote waligeuka wakanitazama, nikatamani kuingia chini ya meza ya kinanda chake.

Lakini sitasema uongo wa pili ili nionekane ninajua muziki. Wimbo ule ulifanya kazi. Kuna mahali ambapo Mwalimu Asukile huipandisha sauti juu kwenye neno "mama", anaiacha pale inaning'inia, na wasichana wake hawaiitikii haraka. Baba yangu hakuwa amelia tangu Ijumaa. Alikuwa anapanga viti, anagombana na watu wa turubai, anauliza kama kuni zinatosha. Sauti ilipoachwa juu pale, baba alikaa chini kwenye majani, akalia. Fundi mkubwa ni yule anayeweza kumliza mtu asiyemfahamu, kwa maneno ambayo hayakutungwa kwa ajili yake. Hilo Mwalimu Asukile alilimudu, na mpaka leo sijasikia wa kumfikia.

Mzee Luvanda naye alikuja mazishini. Alisimama nyuma, kwenye miti, bila ligombo. Wazee walimfuata wakamuuliza. Nilikuwa karibu. Nilisubiri aseme, mtoto huyu alinidanganya.

"Sikuyapata maneno yake," alisema.

Bibi alisikia. Alichukulia kwamba mzee alimdharau mkwewe kwa sababu ni mgeni, na tangu siku ile hakumsalimia tena. Walikutana kanisani, kisimani, mnadani, Bibi akapita kama anapita gogo. Alikufa bila kumsamehe. Mzee Luvanda angeweza kujitetea kwa sentensi moja, na hakuitoa. Mimi pia sikuitoa, nami nilikuwa na miaka mingi ya kuitoa.

Nilipomaliza darasa la saba nilichukuliwa na mama mdogo. Nikaja kuishi Mwanjelwa, palepale nilipomtuma Mama kwa mdomo wangu. Kuna kibanda cha mjomba hapo, tunaingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Nakaa ndani, kompyuta mbele yangu, sihitaji kuongea sana. Mteja anasema anataka nini, mimi namtafutia.

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuomba ule wimbo wa msiba wa Mwalimu Asukile. Anayekuja kuuomba utamjua kabla hajasema. Anasimama pembeni, anasubiri wenzake wa bongofleva waondoke. Wanatoka Mbalizi, wanatoka Chimala, hadi madereva wa malori wanauchukua. Na wanakwaya vijana wanaorekodi siku hizi, karibu wote wanapandisha pale anapopandisha yeye na kushuka pale anaposhuka. Nadhani wengine hawajui kwamba wanamwiga. Wanadhani ndivyo huzuni inavyoimbwa.

Siku moja kulikuwa na ubishi hapo kibandani. Kijana mmoja, fundi pikipiki wa jirani, alisema, "Huyu mzee ni habari nyingine. Kwenye msiba hana mpinzani Nyanda za Juu nzima."

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri flashi yake akasema, "Wewe hujamsikia Luvanda wa Iringa."

"Luvanda yupi? Yupo Yutyubu?"

"Hayupo."

"Basi mzee wangu, hayupo."

Watu wakacheka, hata yule mzee alicheka. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema kwamba mama yake Tekla, kila anapoosha vyombo, huimba ule wimbo wa redio ya mumewe, na ukimwambia kwamba anaimba anakataa. Kwamba kuna nyumba kule kwetu ambazo watoto wasiowahi kumwona babu yao wanajua kisu chake kilikaa wapi. Mwalimu Asukile yuko kwenye simu za watu wote. Mzee Luvanda yuko kwenye mikono ya watu wachache, wakiwa hawana habari. Sijui kipi ni kikubwa zaidi. Nilimpa mzee flashi yake, nikasema "tayari".

Mimi na mama mdogo tulifika msibani kwa Mzee Luvanda siku moja baada ya mazishi. Chini ya turubai walikuwa wamejaa watu. Kijana wa pale alikuwa amefunga spika mbili kubwa na amechomeka memori kadi, na wimbo uliokuwa unalia ulikuwa ni ule ninaoujua kuliko kitu chochote. Kwenye viti vya mbele alikuwapo Mwalimu Asukile mwenyewe. Sikumtambua haraka. Amezeeka, anatembea na fimbo, kinanda amewaachia vijana wake. Alisikiliza sauti yake ya ujana mpaka ikafika pale panapopanda. Ndipo akainua fimbo.

"Zima hiyo, mwanangu."

Kijana alidhani kuna tatizo la spika. "Nipunguze, Mwalimu?"

"Zima kabisa. Wimbo huo unawatosha watu wote. Huyu haumtoshi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anamwambia fimbo yake, "Mimi nilijua majina ya watu. Yeye alijua watu."

Kijana akazima. Hakuna aliyekuwa na wimbo wa kuweka badala yake. Mzee Luvanda hakuacha mwanafunzi, na hakuna aliyekwenda kumuuliza, alipolala, mkono wake unashika nini kwanza. Tulikaa hivyo, watu wengi, kimya, tukisikiliza sufuria zikigongana nyuma ya nyumba.

Nilikwenda huko nyuma kusaidia, ndiyo kazi ninayoiweza kwenye mikusanyiko. Mjane wake, Bibi Roza, alikuwa jikoni amekaa kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani. Wanawake walikuwa wametoka kugawa chai, tukabaki wawili.

"Wewe wa nani?" aliniuliza.

"Wa Mama Zawadi, bibi. Yule Mnyakyusa."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. "Yule aliyemkataa mzee."

"Hakumkataa."

"Alimkataa. Mzee alifika, mtoto akatumwa mlangoni kusema mama hayupo, na mama anakohoa ndani. Mzee aliniambia. Katika watu wote aliowaendea, ni yeye peke yake hakumtaka." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha. "Na mzee alifundishwa na baba yake, nyumba ikikukatalia, hurudi."

Sijui nilipata wapi sauti. Ilitoka ndogo sana. "Mama hakunituma. Mama alikuwa anamsubiri. Alimsubiri mpaka mwisho. Ni mimi. Nilifikiri akiingia Mama atakufa."

Bibi Roza alinitazama. Macho yake yalikuwa na ule ukungu wa uzee.

"Angefurahi kusikia hivyo," alisema. "Umechelewa siku nne."

Akarudi kwenye maharage yake. Alitoa jiwe moja, akalitupa kando, akatoa la pili. Nilidhani amemaliza na mimi, nikaanza kuinuka.

"Kaa," alisema. "Yeye wimbo ulikuwa unamjia njiani, anakwenda. Sauti inakuja na njia. Maneno yapo kwa mgonjwa. Kwa hiyo sauti ya mama yako alikuwa nayo tayari alipofika kwenu. Hakumpa mtu mwingine. Alikuwa anaipiga hapo nje peke yake, mimi naisikia nikiwa humu ndani."

Akaanza kuivuma. Ilikuwa ile niliyoisikia kwenye kona ya mianzi. Nilikuwa nimeisahau, na ilipoanza nikajua kwamba sikuwahi kuisahau. Ilikuwa inatembea kwa mwendo wa mtu mwenye buti, pole pole, inapanda kidogo kama kilima cha kwetu. Halafu Bibi Roza akakata na kuinua mkono wake juu ya ungo.

"Hapa," alisema, "alikuwa anainua mkono kutoka kwenye nyuzi. Kila mara. Palikuwa pa jibu la swali la kwanza, na hakupewa."

Mkono ulibaki juu. Alikuwa ananingoja. Nilijua kwamba ananingoja, na neno lilikuwa limefika hapa kooni. Wakati huohuo wanawake wakaingia na beseni la vikombe, wanaongea wote kwa pamoja, mmoja anamuuliza Bibi Roza chumvi iko wapi. Mkono ukashuka. Akaonyesha chumvi iliko. Mimi nikachukua vikombe nikaanza kuviosha.

Jioni tulirudi Mbeya.

Sasa nipo kibandani. Tangu asubuhi nimeingiza wimbo wa Mwalimu Asukile mara mbili, na kila unapolia ile sauti nyingine inafifia kichwani mwangu. Mwanzo wake bado ninao. Kile kilima kinaanza kunipotea. Sina namna ya kuandika sauti, sikufundishwa. Nimeandika ninachoweza kuandika.

Kulikuwa na baridi kwetu, na mimi nilikuwa nalala vibaya, napiga blanketi teke mpaka linaanguka. Alfajiri, kabla hajafumbua macho, kabla hajakohoa, Mama alinyoosha mkono gizani akatafuta miguu yangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko miguu yenyewe. Alikuwa anaishika yote miwili kwa pamoja, anaibana kifuani kwake, anakaa hivyo mpaka inapata joto, halafu ndiyo anaamka kuwasha moto. Kila siku. Mimi nilikuwa najifanya nimelala ili asiiachie.

Mzee aliponiuliza nilikuwa na umri wa kujibu. Nilikuwa nimesimama juu ya miguu hiyohiyo.